Frantz Fanon: daktari aliyepima ugonjwa wa jamii

Desemba 9, 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Siku tatu kabla ya hapo, Desemba 6, katika hospitali ya serikali mjini Bethesda, karibu na Washington nchini Marekani, alifariki daktari mmoja mweusi mwenye umri wa miaka 36. Hospitalini aliandikishwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Wazazi wake walimwita Frantz.

Hakuzaliwa Afrika, lakini alizikwa Afrika kwa matakwa yake mwenyewe. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na pia mwandishi ambaye vitabu vyake vilisomwa sana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka michache tu baada ya uhuru wetu. Kimoja kati ya hivyo kilitafsiriwa kwa Kiswahili.

Kwa nini tunamleta kwako, msikilizaji wa bonde la Kilombero? Kila tunapozungumzia afya ya akili hewani, swali moja hurudi. Mtu akikosa usingizi, akijidharau, akipiga mke na watoto bila sababu, au akijifungia ndani bila kutaka kuongea na mtu, ugonjwa huo umetoka wapi? Je, umetoka kwake mwenyewe, kwa ukoo wake, kwa wabaya wake, au kwa maisha yanayomzunguka? Fanon alitumia maisha yake yote kujibu swali hilo, na jibu lake liliwaudhi wakubwa wengi.

Mtoto wa Martinique

Frantz Fanon alizaliwa Julai 20, 1925 katika mji wa Fort-de-France, kisiwani Martinique, katika bahari ya Karibi. Kisiwa hicho kilikuwa koloni la Ufaransa, na wakazi wake wengi ni wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika kwenda kulima miwa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha, mama yake alikuwa na duka. Walikuwa watoto wanane, na familia ilikuwa na uwezo wa kuwasomesha.

Shuleni watoto hao weusi walifundishwa kwamba mababu zao ni Wagali, yaani Wazungu wa kale wa Ufaransa. Lugha ya nyumbani, Kikrioli, ilidharauliwa. Mtoto aliyetaka kuonekana mstaarabu aliongea Kifaransa cha Paris. Akikosea adabu aliambiwa aache kufanya mambo ya watu weusi. Kwa hiyo Frantz alikua akijiona Mfaransa kamili. Mtu mweusi, kwa mawazo yake ya utotoni, alikuwa yule wa Afrika, mbali kabisa.

Katika shule ya sekondari alimkuta mwalimu kijana aitwaye Aimé Césaire, mshairi mweusi aliyekuwa akiwaambia wanafunzi jambo ambalo halikuwahi kusikika pale: kwamba weusi si aibu. Mbegu hiyo ilichukua miaka kuota.

Askari aliyerudi na maswali

Mwaka 1940 Ujerumani ya Hitler iliishinda Ufaransa. Serikali mpya ya Ufaransa ikashirikiana na Wajerumani, na wanamaji wake waliokuwa Martinique wakawatendea wenyeji kwa ubaguzi wa wazi. Mwaka 1943 Fanon, akiwa hajafikisha miaka 18, alitoroka kwa boti hadi kisiwa cha Dominica ili ajiunge na majeshi ya Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Baadaye alipelekwa Morocco na Algeria, kisha akavuka kwenda kupigana Ufaransa kwenyewe. Mwishoni mwa 1944 alijeruhiwa, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Ofisa aliyetia saini tuzo hiyo, Raoul Salan, miaka kadhaa baadaye aliongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waalgeria, wakati Fanon akiwa upande wa pili.

Jeshini Fanon aliona ngazi. Juu kabisa walikuwa Wafaransa weupe, chini yao watu wa visiwani kama yeye, na chini zaidi askari wa Kiafrika. Ushindi ulipokaribia na jeshi kusogea kuelekea Ujerumani, askari wa Kiafrika waliondolewa mstari wa mbele na nafasi zao zikachukuliwa na weupe. Katika vijiji alivyosaidia kuvikomboa, hakuona shukrani aliyoitarajia. Aliwaandikia wazazi wake akionyesha kwamba alijuta kwenda kuipigania nchi isiyomhesabu.

Watu wa umri mkubwa wa hapa kwetu wataielewa habari hii. Waafrika wengi wa Tanganyika walichukuliwa katika jeshi la KAR, wakapigana hadi Burma, wakarudi nyumbani na maswali kama hayo hayo.

Freud, Frankfurt na kitabu cha kwanza

Baada ya vita Fanon alikwenda Ufaransa kusomea udaktari katika mji wa Lyon. Huko ndiko alikokutana na elimu ya uchambuzi wa nafsi, ambayo wataalamu huiita saikoanalisisi. Mwanzilishi wake, Sigmund Freud, alikuwa daktari wa mji wa Vienna aliyeishi kati ya 1856 na 1939.

Kwa lugha rahisi, Freud alifundisha kwamba moyo wa mtu una chumba cha ndani asichokijua mwenyewe. Hofu, aibu na maumivu ya utotoni huzikwa humo. Lakini kilichozikwa hakifi. Hutokea katika ndoto, katika ulimi kuteleza, katika woga usio na sababu, hata katika maradhi ya mwili. Tiba ni mgonjwa kuzungumza kwa uhuru mbele ya mtaalamu, mpaka kile kilichofichika kijulikane na kipoteze nguvu.

Freud alitafuta chanzo hasa ndani ya nyumba: baba, mama na mtoto. Fanon aliikubali njia, lakini akaona pengo. Kuna mtu ambaye nyumbani kwao palikuwa na amani, wazazi walimpenda, akakua vizuri. Kisha akatoka nje, akaingia katika dunia inayotawaliwa na weupe, na siku hiyo ndipo alipougua. Fanon mwenyewe alisimulia jinsi mtoto wa Kizungu alivyomwona akashtuka, akamwambia mama yake kwamba anaogopa. Hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa ametokea tu. Jeraha la namna hiyo, Fanon alisema, halikutoka kwa baba wala mama. Limetoka katika jamii, na daktari anayemtibu mgonjwa huyo bila kuitazama jamii anafanya nusu ya kazi.

Hakuwa wa kwanza kuitoa elimu ya Freud chumbani kwa mgonjwa na kuipeleka barabarani. Huko Ujerumani, katika taasisi ya utafiti mjini Frankfurt, wanafikra kama Max Horkheimer, Theodor Adorno na Erich Fromm walikuwa wameunganisha mawazo ya Freud na yale ya Karl Marx. Swali lao lilikuwa: kwa nini wanyonge, ambao wangetegemewa kumkataa mkandamizaji, humshangilia? Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 walilazimika kukimbia, na taasisi yao ikaishia New York. Fikra zao zinajulikana kama nadharia ya uhakiki wa jamii. Fanon hakuwa mwanafunzi wao, ila alichimba shimo linaloelekea kisima hicho hicho, akianzia upande wa waliotawaliwa.

Matokeo yalikuwa kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1952, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni sawa na Ngozi Nyeusi, Barakoa Nyeupe. Alikuwa amekusudia maandishi hayo yawe tasnifu yake ya udaktari, walimu wakayakataa, akaandika nyingine kuhusu ugonjwa wa mishipa ya fahamu ili apate cheti. Katika kitabu hicho alionyesha jinsi mtawaliwa anavyovaa sura ya mtawala: anabadili lafudhi, anatamani ngozi nyeupe, anaoa au kuolewa kwa kutafuta weupe, anawacheka wenzake. Kwa Fanon, haya hayakuwa majivuno ya kawaida. Zilikuwa dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria.

Msikilizaji, tazama ulipo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu vinaharibu figo na ngozi, lakini mkorogo bado unapata wateja. Wapo watoto wanaoadhibiwa shuleni kwa kuongea Kiswahili, na wapo vijana wanaoelewa Kindamba au Kipogoro lakini hujifanya hawaelewi wakiwa mbele ya wageni. Ni rahisi kumcheka dada anayejichubua. Fanon angetuuliza: nani alimfundisha kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ina kasoro, na ni nani anayepata faida kwa kumwaminisha hivyo?

Wodi mbili za Blida

Novemba 1953 Fanon aliajiriwa kuwa daktari mkuu wa kitengo katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida-Joinville, si mbali na jiji la Algiers. Algeria ilikuwa koloni lenye walowezi wengi wa Kizungu. Alikabidhiwa wodi ya wanawake 165 wa Kizungu na wodi za wanaume 220 Waislamu wa Algeria.

Kabla ya kwenda huko alifanya kazi Ufaransa katika hospitali ya Saint-Alban chini ya daktari François Tosquelles, mkimbizi kutoka Catalonia. Tosquelles alimfundisha kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa. Ukimfungia mtu, ukamnyang'anya kazi, mazungumzo na heshima, unamwongezea wazimu. Kwa hiyo hospitali ifanywe kijiji: wagonjwa wawe na mikutano, kazi za mikono, sherehe, gazeti lao na filamu.

Fanon alijaribu njia hiyo Blida. Kwa wanawake wa Kizungu ilifaulu upesi. Wodi ilichangamka, wengine wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa wanaume Waislamu ilishindwa kabisa. Hawakuja mikutanoni, hawakuimba, na kazi za mikono walizopewa hazikuwavutia.

Daktari mwingine angesema wanaume wale ni wazito wa akili. Wapo waliosema hivyo. Fanon aligeuza swali na kujiuliza yeye mwenyewe alikosea wapi. Akaona kwamba alikuwa amewaletea wakulima Waislamu sherehe za Kikristo, nyimbo za Ulaya na michezo ya watu wa mjini. Yeye hakujua Kiarabu wala lugha ya Wakabili, na kila neno lilipita kwa mkalimani. Mgonjwa aliyezoea kuona mkalimani mahakamani na kituo cha polisi alimwona daktari kama ofisa mwingine wa serikali.

Basi akaanza upya. Yeye na wenzake walikwenda vijijini na milimani kujifunza jinsi watu wa kule wanavyouelewa wazimu, na jinsi waganga na mashekhe wao wanavyoutibu. Hospitalini wakafungua mkahawa wa kienyeji ambako wanaume walikaa wakanywa kahawa na kuzungumza. Sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa. Msimulizi wa hadithi akaalikwa. Uwanja wa mpira ukatengenezwa. Taratibu wagonjwa wakaanza kufunguka.

Funzo hilo linamhusu kila anayekuja vijijini kwetu na mradi. Watu wasipohudhuria mkutano, usikimbilie kusema ni wavivu au hawajaelimika. Angalia kwanza kama uliwaita kwa lugha yao, kwa wakati wao, na kwa jambo lenye maana kwao.

Aliyetesa na aliyeteswa

Novemba 1, 1954 vita vya ukombozi wa Algeria vilianza chini ya chama cha FLN. Vita hivyo vikaingia moja kwa moja katika chumba cha daktari. Mchana Fanon alitibu askari na polisi wa Kifaransa waliokuwa wakiwatesa mateka. Kwa siri alitibu wapiganaji na raia walioteswa.

Baadaye aliandika habari za wagonjwa hao bila kutaja majina. Mmoja alikuwa polisi wa Kizungu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwatesa watu ili waseme. Alianza kuwapiga mke wake na hata mtoto wake mchanga. Alitambua kwamba kazi ndiyo inayomharibu, lakini hakukusudia kuiacha. Alimtaka daktari amsaidie aendelee kutesa huku akiwa na utulivu wa moyo.

Mwingine, polisi pia, alikutana ndani ya eneo la hospitali na Mwalgeria aliyewahi kumtesa. Polisi yule alikutwa ameegemea mti, akitetemeka na kutokwa jasho. Mwalgeria naye alitoweka, akaja kupatikana msalani akijaribu kujiua. Alidhani polisi wamemfuata hadi hospitalini kumchukua tena. Iliwachukua wahudumu muda mrefu kumtuliza.

Hapo Fanon alifika mwisho wa njia. Unamtibu mtu asubuhi, jioni anarudi kutesa. Unamtibu mwingine, kesho anakamatwa tena. Ulimwengu unaowazunguka ndio unaowaugua wote wawili. Mwishoni mwa 1956 alimwandikia barua waziri wa Ufaransa aliyeitawala Algeria, akajiuzulu. Maana ya barua hiyo ilikuwa kwamba tiba ya akili humrudisha mtu ajisikie nyumbani katika nchi yake, na Mwalgeria alikuwa amefanywa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Januari 1957 alifukuzwa Algeria. Akaenda Tunis, akajiunga na FLN waziwazi, akawa mwandishi wa gazeti lao huku akiendelea kutibu wagonjwa.

Redio iliyobadili masikio

Mwaka 1959 Fanon alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko yaliyoletwa na vita katika maisha ya Waalgeria. Sura moja nzima inahusu redio, na sisi watu wa redio hatuwezi kuiruka.

Kwa miaka mingi Waalgeria wengi, hata wenye uwezo, hawakutaka redio nyumbani. Redio Algiers ilikuwa sauti ya mtawala, kwa lugha yake na kwa habari zake. Mwishoni mwa 1956 vipeperushi vilisambazwa vikisema kuna kituo kipya cha wapigania uhuru, vikitaja masafa na saa za matangazo. Fanon anaeleza kwamba katika muda usiofika siku 20 redio zote madukani zilinunuliwa, na kwa kuwa vijijini hapakuwa na umeme, zilizotafutwa zaidi ni zile za betri.

Wafaransa wakapiga marufuku kuuza redio bila kibali, wakazuia betri, wakarusha kelele juu ya matangazo. Watu wakazoea kukaa pamoja kuzunguka redio moja. Mmoja aliweka sikio karibu kabisa na spika, akisaka masafa kadiri yalivyohamishwa, na kuwaeleza wengine alichokishika. Wakati mwingine hakushika kitu ila kelele, na bado kila mtu aliondoka na habari. Fanon kama mchambuzi wa nafsi aliona jambo kubwa hapo. Chombo kilichoogopwa kimekuwa chombo cha nyumbani, kwa sababu safari hii kilizungumza na wasikilizaji kama watu.

Kutoka Nairobi: daktari aliyemlaumu Mwafrika

Kuna sehemu ya maandishi ya Fanon inayogusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi kwa miaka mingi, hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maoni yake kuhusu Mau Mau. Carothers aliuona uasi ule hasa kama tatizo la akili za Wakikuyu waliovurugwa na mabadiliko.

Fanon alimtaja Carothers pamoja na madaktari wa Algiers waliofundisha mambo kama hayo, na kuonyesha kazi yao ilikuwa nini. Mkulima amenyang'anywa ardhi, anakasirika, kisha daktari anakuja kueleza hasira hiyo kwa umbo la ubongo wake. Ardhi haitajwi tena. Sayansi inakuwa shuka la kufunikia dhuluma. Hili ndilo onyo kubwa la Fanon kwa taaluma yake mwenyewe: elimu ya nafsi inaweza kumfungua mtu, na inaweza pia kumfunga, ikitegemea inamtumikia nani.

Mwaka wa mwisho

Desemba 1958 Fanon alihutubia mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, uliokuwa na Tom Mboya wa Kenya kama mwenyekiti. Mwaka 1960 serikali ya wapiganaji wa Algeria ilimteua balozi wake nchini Ghana. Mwaka huo alikutana na Patrice Lumumba huko Kongo, na kabla mwaka haujaisha aligunduliwa kuwa na saratani ya damu.

Alipelekwa Umoja wa Kisovieti kutibiwa, akarudi na nafuu ya muda. Katika miezi michache ya 1961, akijua siku zake zinahesabika, aliandika kitabu chake mashuhuri kuliko vyote. Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alikiandikia utangulizi. Kilipotoka Paris polisi walikikamata madukani. Fanon alikuwa tayari kitandani Marekani. Baada ya kufariki, mwili wake ulirudishwa Tunis, ukavushwa mpaka na wapiganaji, na kuzikwa katika ardhi ya Algeria. Algeria ikapata uhuru Julai 1962. Hospitali ya Blida leo inaitwa kwa jina lake.

Fanon afika Dar es Salaam

Kitabu hicho cha mwisho kilitafsiriwa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kikachapishwa Nairobi miaka ya 1970. Kabla ya hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikisoma kwa Kiingereza. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha hapo. Kijana mmoja kutoka Uganda, Yoweri Museveni, aliandika tasnifu akipima mawazo ya Fanon kwa aliyoyaona katika maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. Samora Machel na wenzake walipata mafunzo ya kijeshi Algeria mwaka 1963, kisha kambi yao ikawa Kongwa, Dodoma. Njia kati ya Algeria na Tanzania ilikuwa fupi kuliko ramani inavyoonyesha.

Kilichowavutia vijana wale ni onyo lake kuhusu siku baada ya uhuru. Fanon alitabiri kwamba viongozi wapya watataka kukalia kiti cha mlowezi, watajaza mali mjini, watasahau vijiji, na chama kitakuwa chombo cha kupokea amri kutoka juu. Alishauri viongozi wasirundikane katika mji mkuu, waende mikoani. Azimio la Arusha la 1967 na uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma si kazi ya Fanon, lakini aliyekisoma kitabu chake aliyatambua maswali yale yale.

Pale tunapoweza kumpinga

Fanon hakuwa mtume. Alisema daraja lisipowaongezea wananchi uelewa na hali ya kujiona wenye nchi, ni afadhali lisijengwe, watu waendelee kuogelea au kupanda kivuko. Sisi wa Kilombero na Ulanga tunajua kivuko. Mwanzoni mwa 2016 MV Kilombero II kilipinduka mtoni na watu na magari yao. Daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 hakuna mtu wa hapa ambaye angelibadilisha kwa somo la siasa. Hata hivyo hoja yake ina upande wa kweli. Mradi ukija bila kijiji kuulizwa, kijiji hukaa kama mgeni mbele yake. Watu huutumia, na ukiharibika husubiri mwenyewe aje.

Jambo zito zaidi ni vurugu. Fanon aliandika kwamba mtawaliwa anaposhika silaha husafishika na woga aliopandikizwa. Wengi waliishia kwenye sura hiyo ya kwanza. Lakini katika kitabu hicho hicho yumo mpigania uhuru aliyetega bomu likaua watu kumi. Nchi yake ilikuwa huru tayari, hakujutia harakati, na bado kila mwaka tarehe ile ilipokaribia alikosa usingizi na kutamani kufa. Daktari ndani ya Fanon alijua kile ambacho mwanamapinduzi ndani yake hakutaka kukikaza sana. Bonde hili na milima ya Mahenge vilipitia Maji Maji kati ya 1905 na 1907, na njaa iliyofuata. Tunajua kwamba hata vita vya haki huacha deni.

Anatusaidia nini leo

Fanon hakuwahi kumwambia mgonjwa aache dawa akaandamane. Alitumia dawa na vifaa vya hospitali vya wakati wake. Kwa hiyo mwenye kifafa, sonona au wazimu apelekwe kituo cha afya mapema, asifungwe kamba ndani.

Ila baada ya dawa kuna swali la pili, na hilo ndilo urithi wa Fanon. Mama anayeshtuka usiku kwa sababu ya mkopo wa kikundi, kijana aliyemaliza shule na kuona aibu kushika jembe, mkulima aliyeuza mpunga ukiwa bado shambani kwa bei ya kutupa na sasa anakunywa kutwa nzima: kuwaambia wajikaze peke yake ni kufanya kama Carothers. Tuwatibu, kisha tukae kitako kama kijiji tuulize ni mpango gani wa maisha unaowazalisha wagonjwa hawa, na upi kati ya hiyo uko ndani ya uwezo wetu kuubadili.

Katika kipindi chetu cha jioni tutakipa swali hili nafasi. Tuandikie ujumbe mfupi: katika kijiji chako, ni jambo gani watu wanalibeba kama aibu ya mtu mmoja, wakati kwa kweli ni tatizo la wote?